Bega Langu na Kilo Saba za Unga

Mama mkwe wangu alininyang'anya mtoto Jumapili moja asubuhi, na nitasema ukweli tangu mwanzo: alikuwa na haki. Nilikuwa namtoa binti yangu kwenye beseni la kuogea. Alikuwa na miezi mitano, anateleza kwa sabuni, na nilipomnyanyua bega langu la kulia lilitoka mahali pake. Halikutoa kishindo chochote. Liliondoka kimyakimya, kama mgeni asiyetaka kuaga, na mkono ukabaki unaning'inia. Mtoto alirudi majini kwa makalio, maji yakaruka, akacheka. Mama mkwe hakucheka. Alimwokota, akamfuta, akamfunga mgongoni kwa kanga yake mwenyewe, akasubiri bega lirudi na mimi nimalize kulia. Ndipo akasema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi: "Mwanao utambeba siku mkono wako utakapokaa mahali pake."

Kunyonyesha aliniruhusu. Nilikaa mkekani, mgongo ukutani, mto mapajani, yeye akamleta mtoto na kumlaza juu ya mto, kisha akasimama pembeni kama mlinzi wa benki mpaka mtoto ashibe. Kumnyanyua au kumbeba nikiwa nimesimama, hapana. Tuliishi kwake, mtaa wa Katubuka, Kigoma mjini. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine kwenye boti ya mizigo iliyokwenda Kagunga na kurudi, na nyumbani alionekana kwa msimu, kama kumbikumbi. Nilipomshtaki mama yake kwake, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hayo ni mambo ya wanawake, akauliza kama kuna chai.

Mwili wangu ulikuwa hivyo tangu utoto. Ujiji nilikokulia watoto wenzangu waliniita Mlenda. Waliniletea kashata ili nikunje kidole gumba mpaka kilale juu ya mkono, au nipitishe mguu nyuma ya shingo katikati ya somo la hesabu, na nilikula kashata nyingi sana miaka ile. Mama yangu akiniona alinichapa. Bibi mmoja jirani alisema nilizaliwa bila mifupa. Mwingine akasema mifupa ninayo, ila ni ya mtu mwingine, mdogo. Nilipokua mchezo uliisha na maumivu yakaanza. Nikigeuka kitandani, goti lilibaki lilikokuwa. Nikifungua chupa ya chai, kifundo cha mkono kiligoma. Nilipojifungua ndipo bega nalo likajitangazia uhuru.

Kijana mmoja wa hospitali, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliniambia ugonjwa huo una jina refu la kigeni. Aliliandika kwenye karatasi na mimi nikaipoteza karatasi. Lakini maelezo nayakumbuka. Mwilini mna tishu unganishi, nyuzi zinazoshikilia mfupa na mfupa, na za kwangu zimelegea tangu kuzaliwa kama mpira wa soksi kuukuu. Haziwezi kukazwa. Ila misuli inaweza kufundishwa kufanya kazi ya mpira. Alisema mazoezi ya taratibu yatanifaa, hata yoga, mradi nisijinyooshe mpaka kiungo kifike mwisho. Kila mara niishie njiani. Mgonjwa husikia anachotaka. Mimi nilisikia neno yoga, kwa sababu wiki ileile kazini kwetu walikuwa wametangaza kwamba yoga inakuja, na nikaona ni Mungu huyo kanijibu.

Kazini kwetu maana yake kambini. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Warundi walivuka kwa miguu na kwa mitumbwi, na nusu ya watu wa Kigoma walipata kazi kwa ajili yao. Asiyewapikia aliwaandika, na asiyewaandika aliwauzia sabuni. Mimi nilikuwa mkalimani katika kambi ndogo iliyokuwa mbele kidogo ya Kidahwe. Gari lilitupeleka asubuhi na kuturudisha jioni. Kirundi sikukisoma popote. Kilikuwa Kiha changu cha nyumbani, nimekivalisha koti. Wakubwa huko walikokaa walikuwa wameamua kwamba watu wa kambi yetu wana msongo wa mawazo, jambo ambalo hakuna aliyebisha, na kwamba dawa yake ni kujinyoosha.

Mwalimu alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, mwembamba, mwenye huruma nyingi kuliko habari. Hakujua Kiswahili wala Kirundi. Alipewa banda la turubai lililokuwa la kugawia mahindi, mikeka hamsini, na mimi. Alitegemea kupata wanafunzi kumi na wawili hivi. Kosa lake lilikuwa moja tu, tena dogo: alimweka karani mlangoni na daftari la mahudhurio.

Asiyewahi kuishi kambini hawezi kujua daftari ni nini. Chakula ni daftari, blanketi ni daftari, ndugu aliyepotea ni daftari, na safari ya kwenda kuishi nchi ya tatu, ng'ambo, ile ya ndege, ndiyo daftari kubwa kuliko yote. Daftari likifunguliwa watu hupanga foleni kwanza, halafu ndipo wanaulizana ni foleni ya nini, na aliye mbele kabisa naye hajui. Siku ya kwanza walikuja watu zaidi ya mia mbili. Wazee walikuja na mikongojo yao. Mama mmoja alikuja na mbuzi, kwa tahadhari, isije ikasemwa baadaye kwamba mbuzi naye alitakiwa kuandikwa. Mwalimu aliweka mkono kifuani, machozi yakamlenga. Aliniambia hajawahi kuona watu wenye kiu ya utulivu wa ndani kama hawa. Maneno hayo sikumtafsiria mtu.

Mengine ilibidi niyatafsiri, na ilikuwa kazi. Mkao wa kwanza unaitwa mbwa. Nimwambie mzee wa kanisa, aliyeacha ng'ombe wake na heshima yake kwao, ainame awe mbwa? Nikasema ni mbuzi anayekunywa maji, na watu wote wakamgeukia yule mama mwenye mbuzi ili kulinganisha. Mkao wa pili ni nyoka. Walokole walikuwa wengi mle bandani, na wana kesi na nyoka tangu bustani ya Edeni. Nikasema kenge. Mwalimu hakuelewa kwa nini wanafunzi wake wakilala kifudifudi wanatoa ndimi nje na kuzirudisha.

Mwisho wa somo watu hulala chali, mikono wazi, macho yamefumbwa, na mkao huo unaitwa maiti. Hapo sikucheka. Niliwatazama watu ambao wengi wao walikuwa wamepita katikati ya maiti kufika kwenye banda lile, nikawaambia tu wapumzike. Wakapumzika. Baada ya muda nusu ya banda ilikuwa inakoroma, na karani akaogopa kuwaamsha.

Katika watu wote hao mwalimu aliniona mimi. Kutafsiri kwa mdomo hakukutosha, ilibidi nionyeshe kwa mwili, na mwili wangu ulikwenda kila ulikotumwa, ukapitiliza. Aliposema tuguse vidole vya miguu, nililaza viganja vyote viwili chini na nafasi ikabaki. Aliposema tufanye daraja, yaani mtu ajiinue kutoka chini kwa mikono na miguu, tumbo juu, nilipinda mpaka nikaona visigino vyangu mwenyewe. Alilisimamisha darasa zima. Aliniuliza nimejifunza yoga kwa miaka mingapi. Nilimwambia ni kashata, akaandika neno hilo kwenye kijitabu chake.

Sijui kama nitaweza kueleza raha niliyoipata siku ile. Mwili ulioniletea fimbo, mwili ulionifanya niombewe mara tatu na watu wasiofahamiana, mwili ulioninyima mtoto wangu, leo ulisimamishwa mbele ya watu na kupigiwa makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa nilijipinda zaidi. Tena nilikuwa na hoja yangu moyoni. Kama mazoezi ni dawa, basi mazoezi makubwa ni dawa kubwa. Nikienda mpaka mwisho nitapona haraka, nimbebe mwanangu kabla hajaota meno.

Hayo makofi ndiyo yaliyoharibu na darasa. Watu walikuwa wanatafuta daftari lile ni la nini, na sasa waliona mkalimani, mtu anayezungumza na Mzungu siri zote, anajikunja kama mkeka. Vikazuka vyama viwili. Chama cha kwanza kilisema wanaokunjika ndio watakaopelekwa nchi ya tatu, kwa sababu ndege ina viti vya kubana na kule wanataka watu wasiochukua nafasi. Hawa walijikunja kwa nguvu zao zote, wakisukumana migongo, wakavutana miguu, mtu na mke wake. Chama cha pili kilisema hapana, wasiokunjika kabisa ndio wagonjwa, na wagonjwa ndio hutangulizwa, wakatibiwe ng'ambo. Hawa hawakuinamisha hata shingo. Kiongozi wao alikuwa katekista mmoja, mtu mzima mwenye sauti nzuri, aliyesimama wima kwa majuma manne akidai magoti yake hayajui kukunjwa. Nilimwona mara mbili kutoka garini akichuchumaa kwenye shamba lake la maharage, anapalilia. Mwalimu aliniambia, kwa mshangao wa kitaalamu, kwamba katika kambi moja amekutana na watu wakakamavu kuliko wote na walaini kuliko wote aliowahi kuwafundisha.

Nyumbani mama mkwe naye alikuwa na mtihani wake. Kila Ijumaa jioni alipima unga wa muhogo, kilo saba, sawasawa na uzito wa mtoto kwenye kadi ya kliniki, akautia kwenye mfuko, akaufunga kwa kanga kama mtoto, akauweka chini. Kazi yangu ilikuwa kuuinua, kuuhamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kuuweka kiunoni, kisha kuzunguka nyumba mara tatu bila kukunja uso. Yeye alikaa kwenye kigoda akichambua dagaa, mtoto mgongoni, wote wawili wakinikodolea macho. Nikiudondosha, aliinuka, akaukung'uta mchanga, akasema, "Mtoto kaumia." Kesi ikafungwa mpaka Ijumaa nyingine.

Majirani walipita wakasalimia. Wengine kwa mazoea waliuliza mtoto hajambo, nami kwa aibu nikajibu hajambo. Mama mmoja wa nyumba ya pili alifunua kanga ili amwone, akakuta unga, akafunika taratibu, akaenda zake bila kuaga. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa umepata habari kwamba mtoto wangu amefariki na mimi nimerukwa na akili. Wanawake watatu walikuja na majani ya chai na sukari ya msiba, wakamkuta marehemu anakula uji. Sukari waliiacha, kwa kuwa ilikwisha kuja.

Na mtoto hakukaa kunisubiri. Kila mwezi tulipotoka kliniki mama mkwe aliisoma kadi, akaongeza unga. Akina mama wengine walifurahi watoto wao walipoongezeka uzito. Mimi nilifurahi kwa upande mmoja wa moyo, na kwa upande mwingine nilimwomba Mungu amnenepeshe pole pole.

Bega, badala ya kupona, lilizidi kuharibika. Kufika juma la saba la yoga lilikuwa linatoka nikichana nywele. Kwa bahati darasani kulikuwa na mama wa Kirundi, fundi wa kurudisha viungo, mnene, mwenye mikono kama ya mwashi. Alikuwa mwanachama wa chama cha kujikunja, lakini bila bidii. Bega likitoka nilimkonyeza, tukatoka nyuma ya banda, akanikalisha juu ya gunia, akaushika mkono wangu na kuuzungusha buhoro buhoro, yaani pole pole, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, mpaka bega likarudi. Mara ya tano aliushika mkono akakataa kuuzungusha.

"Mwana wanje, mwanangu," alisema, "mimi nimechoka na hili bega. Mtu mwingine akifika mwisho, mwili unamwambia simama. Wako hausemi kitu. Basi wewe ndiyo useme."

Nilimkasirikia. Nilimwambia mwalimu amesema mimi ndiye mfano wa darasa. Akanijibu kwamba hata kuku wa kuchinjiwa wageni huchaguliwa kwa sababu ni wa mfano, akauvuta mkono, bega likaingia. Nililia, na sidhani nililia bega.

Jioni ile garini nilikumbuka maneno yote ya yule kijana wa hospitali, si ile nusu niliyoipenda. Niishie njiani. Karibu miezi miwili nilikuwa nikiutibu ugonjwa kwa kuulisha. Kile walichokipigia makofi ndicho kilichokuwa kinanichukua mtoto, na nilikuwa nimekijua muda mrefu, ila makofi ni matamu. Niliona haya mbele ya mwanangu ambaye hata kusema alikuwa bado. Niliamua kesho yake nimwambie mwalimu ukweli. Kesho yake mwalimu aliniwahi. Wageni wakubwa wanakuja Alhamisi kutazama mradi, na mimi ndiye nitakayefungua kwa daraja kamili. Alikuwa na furaha kiasi kwamba nilisema sawa tu.

Alhamisi ilifika. Wageni waliketi kwenye viti vya plastiki. Banda lilijaa, chama hiki kushoto na kile kulia, na wote walinitazama mimi, kwa sababu mbele ya wageni ndipo siri ya daftari ingejulikana. Nililala chali, nikakunja magoti, nikaweka viganja chini pembeni ya masikio. Nilijua kabisa nikisukuma tu nitainuka kama uji unaofurika chunguni, watu watashangilia, na bega litakwenda zake, labda safari hii bila kurudi. Nikamfikiria binti yangu mgongoni kwa bibi yake, amegeuza shingo kunitazama ninavyozunguka nyumba na unga.

Niliondoa viganja pale masikioni, nikailaza mikono ubavuni. Mabega niliyaacha chini. Nilikaza tumbo na makalio kwanza, kisha nikainua kiuno shubiri moja kutoka mkekani, nikasimama hapo. Shubiri moja tu. Na hapo ndipo nilipogundua jambo la ajabu: kujipinda hakujawahi kunichosha maishani, lakini kutojipinda kulinitoa jasho. Mapaja yalitetemeka, meno yaligongana. Nilikuwa nafanya kazi ambayo mwili wangu haujawahi kufanya tangu uzaliwe, kazi ya kujizuia.

Mwalimu aliinama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna tatizo, akanihimiza niendelee. Nikamwambia, "Hapa ndipo mwisho wangu."

Watu hawakusikia, ila waliona. Chama cha kujikunja kilitazamana. Kama mkalimani mwenyewe, mbele ya wakubwa, ameishia nusu, basi nusu ndiyo inayotakiwa. Wakashuka. Chama cha kukakamaa nacho kikafikiri hivyohivyo, na katekista, ambaye magoti yake hayakujua kukunjwa, alilala chini, akayakunja, akainua kiuno shubiri moja. Watu mia mbili wakabaki shubiri moja kutoka ardhini, wanatetemeka, kimya kabisa, kila mmoja akisubiri aandikwe. Mgeni mmoja aliuliza mkao huo unaitwaje. Hakupata jibu, akaandika kwamba washiriki wana nidhamu.

Wageni walipoondoka nilimwambia mwalimu kila kitu, nyuma ya banda, yule fundi wa viungo akiwa shahidi na akionyesha kwa mkono wangu mwenyewe mahali bega linapopitia. Mwalimu alikaa juu ya gunia akalia, akaniomba radhi. Nilimpenda siku ile, kwa sababu hakuishia kwenye kulia. Kuanzia somo lililofuata alibadilisha mambo. Tulitumia mablanketi yaliyokunjwa chini ya magoti na mgongo, na nguzo za banda za kuegemea. Kiwiko kisinyooke mpaka kufunga, goti vilevile. Kaza kwanza, ndipo usogee. Kuvutana miguu marufuku. Ukihisi umefika mwisho, umeshapita; rudi nyuma kidogo ukae hapo. Watu walitii yote bila swali, wakiamini ni masharti mapya ya daftari. Sidhani kama kuna banda jingine popote ambapo watu mia mbili wenye viungo vizima walifanya mazoezi ya mgonjwa mmoja.

Daftari halikumpeleka mtu popote. Karani alihamishiwa kwenye sabuni, akaondoka nalo, na foleni ikaisha siku hiyohiyo. Walibaki kama watu arobaini, katekista akiwa mmoja wao. Nilimuuliza yeye anafuata nini sasa. Alisema ni mahali pekee kambini ambapo mtu analala chini mchana na hakuna anayemuuliza kadi.

Mimi nilibaki na shubiri yangu. Ilichukua zaidi ya mwaka. Asubuhi kabla ya gari nilisukuma ukuta wa nyumba ya mama mkwe kwa viganja, viwiko vimekunjwa kidogo, mpaka yeye akasema nikitaka kuubomoa nimwambie ahamishe vitu. Bega likatoka mara moja kwa mwezi, kisha likakaa miezi mitatu, minne. Unga ulifika kilo kumi. Ijumaa moja nilizunguka mara tatu bila kukunja uso, mama mkwe akaniongezea mzunguko wa nne kwa uonevu tu, nikaumaliza. Akaacha dagaa. Akasema, "Haya," akafungua kanga yake, akamweka mtoto chini mbele yangu.

Binti yangu alikuwa na mwaka na miezi saba. Alikuwa ameanza kutembea majuma mawili tu kabla, kwa kuchelewa sana, na majirani walisema ni kwa ajili ya kubebwa mno na bibi yake. Nilichuchumaa nikanyoosha mikono. Alinitazama vizuri, kama mtu anayesoma kadi, kisha akageuka, akaenda zake jikoni kwa miguu yake mwenyewe. Hakutaka kubebwa na mtu. Nilibaki nimechuchumaa na mikono yangu imara, mitupu. Nililia sana siku ile, na mama mkwe, ambaye hakuwahi kunibembeleza, alinipa dagaa nichambue.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Ujiji watatu, kumsalimia mama yangu. Alikuwa ufukweni anageuza dagaa waliokuwa wameanikwa mchangani, kwa hiyo tuliposhuka garini tulitelemka kumfuata. Mtoto alitembea kwa fahari mpaka mchanga ulipomshinda. Palikuwa na dimbwi mbele yetu. Mama mkwe alikuwa na mtindo wake wa kumvusha madimbwi: alimshika mikono yote miwili, akamrusha juu, miguu ikaning'inia, na mtoto akacheka mpaka akapaliwa. Alifanya hivyo kila siku. Alimnyooshea mikono na safari hii.

Mtoto alimpita. Alikuja mpaka kwangu, akasimama kwenye vidole vyangu vya miguu, akainua mikono yote miwili juu ili nimbebe.

Nilikuwa nimeingoja mikono hiyo tangu siku ya beseni, na niliitazama kwa furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Na kwa kuwa niliitazama vizuri, niliona. Viwiko vyake havikuishia pale viwiko vya watu vinapoishia. Vilipita, vikapinda kwa nyuma kama vyangu, bila maumivu, bila yeye kujua, na alikuwa anatabasamu. Nikaelewa kwa nini alichelewa kutembea. Niliogopa kama sijawahi kuogopa kwa ajili yangu mwenyewe.

Sikumvuta mikono. Nilichuchumaa, nikakaza bega kwanza, nikapitisha mkono mmoja chini ya makalio yake na mwingine mgongoni, nikasimama naye. Alikuwa wa moto, ananuka jasho na uji, na alilaza kichwa shingoni kwangu kana kwamba ndipo alipolala siku zote. Bega lilikaa. Nilipita pembeni ya dimbwi.

Mama mkwe alikuwa ameona nilichoona. Nilijua kwa sababu alibaki palepale akitazama viganja vyake vyote viwili. Mwanamke huyu alikuwa amenifundisha mwaka mzima na zaidi jinsi mtoto anavyobebwa, na hakuwahi kunipa nafasi ya kumjibu. Alitufuata nyuma hatua kadhaa. Kisha akaja ubavuni kwangu, akamgusa mtoto mguu kwa ncha ya kidole, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mimi nimshikeje, mwanangu?"